Si kila mgongo ni wa kualishwa



Ndugu wasomaji, mwezi wa Rajabu uliopita ofisi ya kamati ya msikiti wetu ilipokea barua fupi iliyoandikwa kwa adabu. Mwandishi wake alijitambulisha kuwa mtaalamu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, akaomba apewe chumba kimoja cha madrasa kwa siku tatu ili awahudumie waumini kwa bei nafuu. Kamati ilikaa, ikaona ni jambo la kheri, nasi kwa nafasi yetu ya ukatibu tukaandika barua ya ruhusa na kuigonga muhuri wa msikiti. Tangazo likasomwa baada ya swala ya Ijumaa.

Watu walikuja kuliko tulivyotarajia. Walikuja mafundi ujenzi, madereva wa bodaboda, mama lishe ambao kutwa nzima wameinamia jiko, na wazee wetu wanaoswali kwenye viti. Kila aliyelazwa kitandani, mgongo wake ulisikika ukialika, na waliokuwa barazani wakisubiri zamu wakaitikia, "Umerudi!" Wengi walitoka wakitembea kwa wepesi. Hilo tulilishuhudia kwa macho yetu na hatulikanushi.

Miongoni mwao alikuwemo mama yetu mmoja wa darsa la akina mama, mwenye umri uliokaribia miaka sitini. Maumivu yake yalikuwa katikati ya mgongo, yana miezi kadhaa, na usiku yalizidi. Alinyooshwa mara mbili hapo madrasa, kisha mara nyingine tano huko alikoelekezwa aendelee. Kila mara alipata nafuu ya siku moja, na kila mara aliambiwa kuwa pingili bado zinakataa kukaa, aongeze awamu. Ramadhani ikaingia. Alipokonda, watu walisema ni funga. Alipotokwa na jasho usiku mpaka kubadilisha shuka, walisema ni joto. Ni mjukuu wake aliyeona, siku za mwanzo za Mfunguo Mosi, kuwa bibi anaburuta mguu wa kushoto. Hospitali ya rufaa ilimkuta na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Pingili mbili zilikuwa zimeliwa na maradhi, na usaha ulikuwa umeanza kubana mishipa ya fahamu.

Tulipokwenda kumjulia hali wodini, tulimuuliza kwa nini hakwenda hospitali mapema. Alitutazama kwa upole akasema, "Mwanangu, mimi niliona muhuri wa msikiti."

Kauli hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika safu ya wiki hii. Tumekuta mitaani, baada ya habari za mama huyu kuenea, makundi mawili yakibishana. Kundi moja linasema kairopraktiki ni uongo mtupu na wote wanaoifanya ni matapeli. Jingine linasema tiba ile ni ya ajabu, ila mama alichelewa kuanza. Sisi tunaona makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao linafanana: hakuna lililouliza tiba hii ni ya nini hasa, na inaishia wapi.

Tuanze na asili yake. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya mkono na kazi. Tiba ilianzia katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, nchini Marekani, mwaka 1895. Daniel David Palmer, ambaye hapo kabla alikuwa akiwatibu watu kwa kile alichokiita nguvu za sumaku, alimsukuma pingili ya mgongo Harvey Lillard, mfagizi mweusi wa jengo alimokuwa na ofisi, aliyekuwa na uziwi wa miaka 17. Palmer akatangaza kuwa Lillard amesikia tena. Juu ya kisa hicho kimoja alijenga fundisho zima, akafungua shule mwaka 1897, na baadaye akaandika kuwa asilimia 95 ya maradhi yote husababishwa na pingili zilizohama mahali pake.

Msomaji mwenye kufikiri atajiuliza jambo moja. Mshipa wa fahamu wa kusikia haupiti mgongoni kabisa. Unatoka kwenye ubongo na kuingia sikioni humohumo ndani ya fuvu. Vipi basi kusukuma pingili kumfungue mtu masikio? Na ile asilimia 95 haikutokana na hesabu yoyote ya wagonjwa. Hata hivyo, madai ya aina hiyo hayakufa na mwenyewe. Ukiona kipeperushi kinachosema kunyoosha mgongo kunaondoa kisukari, presha, pumu, ugumba na kukojoa kitandani, kama kile kilichobandikwa kwenye mlango wa madrasa yetu wala sisi hatukukisoma mpaka chini, ujue unasoma mabaki ya Palmer. Huko Uingereza, mwaka 2008, chama cha wakairopraktiki kilimshitaki mwandishi wa mambo ya sayansi, Simon Singh, kwa kuandika kuwa hakuna ushahidi wa tiba hiyo kuponya maradhi ya watoto kama pumu na maambukizi ya masikio. Kesi ilidumu miaka miwili, kisha chama chenyewe kikaiondoa.

Wapo wakairopraktiki wengi leo, pengine walio makini zaidi, ambao wameliacha fundisho hilo na kubaki na kazi ya mgongo, shingo na viungo. Kuwahesabu hao pamoja na wauza vipeperushi si uadilifu.

Tuje kwenye ule mlio, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapotekwa. Baraza nzima ilisema "umerudi," kana kwamba mfupa ulikuwa umetoka matembezini. Lakini pingili iliyotoka kweli mahali pake ni ajali kubwa. Mtu huyo huwa hawezi kusimama, achilia mbali kuja msikitini kwa miguu na kukaa foleni. Mlio unaosikika ni ule ule wa kualisha vidole. Ndani ya kiungo mna ute, na kiungo kinapovutwa ghafla panatokea uwazi wenye hewa ndani ya ute huo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walilipiga picha za MRI tukio hilo kidole kikiwa kinaalishwa, na uwazi ule ukaonekana ukitokea papo hapo. Unaweza kulipima mwenyewe bila mashine: alisha kidole, kisha ujaribu kukialisha tena palepale. Hakitalia mpaka zipite kama dakika ishirini. Basi mlio si dalili kuwa kitu kimerudi, na kutokuwepo kwake si dalili kuwa tiba imeshindikana. Mama yetu alialika vizuri mara zote saba.

Jambo la kufanana na hilo ni picha. Wazee wetu huhifadhi eksirei zao katika bahasha kubwa ya kahawia, juu ya kabati, na ukiwatembelea huishusha kwa huzuni wakuoneshe: "Pingili zimesagika." Nasi tunataka kuwapunguzia huzuni hiyo. Mwaka 2015 yalichapishwa majumuisho ya tafiti za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, waliopigwa picha tu. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikutwa na diski zilizochakaa. Miongoni mwa wenye miaka 80, ni asilimia 96. Yaani kuchakaa huko kwa kiasi kikubwa ni kama mvi. Kwa hiyo mtu anayekuonesha picha na kukuuzia awamu ishirini na nne za kunyooshwa ili "kuzirudisha" anakuuzia dawa ya mvi. Picha inapohitajika kweli, huhitajika kutafuta maradhi ya hatari, na tutayafikia.

Sasa, je, kunyooshwa kunasaidia? Ndiyo, kwa kiasi chake, na kiasi chenyewe kinajulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na wengi wao maumivu yao hayatokani na ugonjwa mahsusi wala jeraha linaloonekana. Katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya namna hiyo kwa watu wazima, shirika hilo limeiweka tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, kuchuliwa, elimu ya kujitunza na dawa za kutuliza uvimbe na maumivu. Madaktari wa tiba za ndani wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, nao waliitaja kwa maumivu mapya ya kiuno, huku wakikumbusha kuwa maumivu hayo kwa kawaida hupungua yenyewe baada ya muda. Tafiti zinazolinganisha zimeonesha kuwa manufaa yake yanakaribiana na ya mazoezi na tiba nyingine zinazopendekezwa. Hayazidi sana, wala hayapungui sana.

Hapa wapo watakaosema kuwa madaktari wa hospitali wanaipiga vita tiba hii kwa wivu. Hilo nalo lina chembe ya historia. Chama cha Madaktari wa Marekani kwa miaka mingi kiliwakataza wanachama wake kushirikiana na wakairopraktiki, mpaka mwaka 1987 mahakama moja ya Chicago ilipoamua kuwa katazo hilo lilivunja sheria za ushindani. Ila tufahamu vizuri kilichoamuliwa. Jaji aliamua juu ya biashara. Hakuamua kuwa pingili zinaponya pumu.

Wapo pia wanaodhani kuwa hii ni mila ngeni isiyotuhusu. Kutibu mgongo kwa mikono kulikuwepo tangu enzi za Wayunani, na mwanazuoni wetu Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyeishi miaka elfu moja iliyopita, katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake kikubwa cha Al-Tasrif aliandika juu ya kuunga mifupa na kurudisha viungo vilivyoteguka, uti wa mgongo ukiwemo. Huku kwetu tuna waunga mifupa, tuna wachuaji, tuna bibi zetu wanaowakanda wazazi kwa maji moto. Haya yana ndugu zake kila taifa. Lakini undugu huo usimfanye kila mwenye kitanda na mafuta ajiite mkairopraktiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka masomo ya miaka minne ya kutwa, yasiyopungua saa 4,200, ambazo angalau 1,000 kati yake ni za kuwahudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Katika bara letu, Afrika Kusini wanafundisha fani hii katika vyuo vikuu viwili, cha teknolojia cha Durban na cha Johannesburg. Tulipomtafuta yule bwana baada ya haya yote na kumwomba vyeti vyake, kwa unyoofu alituonesha alichonacho. Ilikuwa hati ya semina ya siku tano. Hatukuwahi kumwomba kabla.

Tumefika palipo pazito, nasi tunawaomba wasomaji, hususan wenye wazee nyumbani, wapasome polepole. Upo mgongo ambao mikono haitakiwi kuugusa kwa nguvu kabla daktari hajauona. Wa kwanza ni mgongo wa mtu anayekonda bila sababu, mwenye homa za mara kwa mara au jasho la usiku, au ambaye maumivu yake hayatulii hata akilala chali. Katika nchi yetu yenye kifua kikuu, dalili hizo zinatosha kumpeleka mtu zahanati kesho asubuhi, hata kama hakohoi. Mama yetu hakuwahi kukohoa hata siku moja. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Wa pili ni mgongo wa aliyewahi kuugua saratani, ya titi au tezi dume kwa mfano, kwani maradhi hayo hupenda kuhamia kwenye pingili. Wa tatu ni wa mzee aliyeanguka, hata anguko dogo la bafuni, kwani mifupa iliyopungua uzito huvunjika kimya kimya, na kumsukuma ni kumvunja zaidi. Na upo ule usiosubiri kesho: mtu akipatwa na maumivu ya kiuno kisha miguu ikaanza kulegea, au akapata ganzi sehemu zile anazokalia na sehemu za siri, au akashindwa kuzuia haja au haja ndogo ikagoma kutoka, huyo apelekwe hospitali usiku huo huo. Hapo mishipa ya fahamu inabanwa, na kuchelewa kunaweza kumwacha na ulemavu wa maisha. Tunajua watu wetu huona haya kuzitaja sehemu hizo, hasa mbele ya wakwe na wajukuu. Wasione haya. Tumeziandika hapa gazetini makusudi ili mtu aweze japo kunyoosha kidole kwenye mstari na kusema, "Ni hivi."

Shingo nayo ina hukumu yake. Ndani ya pingili za shingo hupanda mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Kuizungusha shingo kwa kishindo kumewahi kufuatiwa na kuchanika kwa mishipa hiyo na kiharusi. Ni matukio ya nadra, na pengine baadhi ya watu walikuwa tayari wameanza kuchanika, ndiyo maana shingo ikawauma wakaenda kunyooshwa. Hata hivyo, nadra si sawa na haipo. Kinyozi anayekumalizia kichwa kwa kukuvunja shingo kulia na kushoto, mwambie kwa upole kuwa umelipia nywele tu. Na watoto wachanga, tusiwapeleke kabisa. Mwaka 2019 bodi ya wakairopraktiki wa Australia, yaani wenyewe kwa wenyewe, iliwataka wanachama wasiwanyooshe uti wa mgongo watoto wa chini ya miaka miwili.

Dada zetu wametuuliza kuhusu stara. Tiba hii ni ya kugusa mwili, na baadhi ya nguo hulegezwa. Ni haki yako kuomba mhudumu mwanamke, ni haki yako kuwa na mumeo au mama yako chumbani, na ni haki yako kuelezwa kila kitakachofanywa kabla hakijafanywa na kusema hapana. Mtoa huduma anayekasirishwa na maombi hayo amekuokolea nauli ya kurudi.

Jambo la mwisho ni la wale wanaolala. Tulilelewa kuamini kuwa mgongo ukiuma dawa yake ni godoro, wiki nzima, usiinue hata kikombe. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, ushauri wa siku hizi ni kinyume: endelea kutembea na kufanya kazi zako kwa kadiri unavyoweza, kwa sababu kulala siku nyingi kunadhoofisha misuli inayoubeba huo mgongo. Kwa wanaoswali kwenye viti, asiyeweza kusujudu ana ruhusa yake na hatumbughudhi. Lakini tuna mzee mmoja ambaye mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya alimpa mazoezi ya kufanya kila asubuhi kwenye mkeka, bila mlio na bila picha. Baada ya miezi mitatu kiti chake kilirudi stoo. Hajawahi kusimulia habari hiyo barazani, labda kwa kuwa haina msisimko.

Kamati ilikaa tena mwezi uliopita. Kuanzia sasa, yeyote anayeomba kutoa huduma ya afya katika eneo la msikiti ataleta leseni na usajili wake, awe wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala au wa baraza la kitaaluma linalomhusu, na nakala itapelekwa kwa mganga mkuu wa kituo cha afya cha kata ili atupe maoni yake kabla hatujaandika herufi moja. Vipeperushi vitasomwa mpaka chini. Pesa ambazo mama yetu alitoa kwa awamu zile saba tumemrejeshea kutoka mifukoni mwetu sisi tulioidhinisha, bila kugusa sanduku la msikiti. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea.

Anaendelea na dawa, na madaktari wamesema zitachukua miezi mingi. Mguu wa kushoto umeanza kuinuka. Jumapili iliyopita alikuja darsani na mkongojo, mjukuu akiwa pembeni yake amemshikia mkoba wa vidonge.